Motisha ya Kuondoka: Tusimlipe Profesa Aache Kufundisha

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, neno "motisha" lina maana moja inayoeleweka na kila mtu. Ni ile posho ndogo anayopewa mwalimu mkimbizi, Mkongo au Mrundi, ili aingie darasani asubuhi na kuwafundisha watoto wa wenzake. Haiitwi mshahara, kwa sababu mkimbizi hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo ya mashariki, na tena tangu Warundi walipoingia kwa wingi mwaka 2015, maelfu ya watoto wamesoma humo kwa mitaala ya nchi zao na kufanya mitihani ya nchi zao. Wamesoma kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kufundisha kwa malipo hayo haba.

Neno hilo hilo limepata maana ya pili katika vyuo vikuu vya umma vya nchi tajiri, na maana hiyo imeanza kusafiri. Huko, motisha ni fungu la fedha analopewa profesa mwenye ajira ya kudumu ili akubali kustaafu kabla ya wakati wake. Motisha ya Nyarugusu humwita mwalimu aje. Motisha hii humwomba mwalimu aende. Hata kwetu hawakosekani wanaoitazama kwa jicho la kuitamani, wakidai kwamba itapunguza gharama za mishahara, itawafungulia vijana mlango, na itaviondolea vyuo watu waliochoka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madai hayo hayana msingi katika nchi yetu. Kwamba bei ya motisha hiyo ni kubwa kuliko inavyotangazwa. Na kwamba atakayeilipa hasa ni mtu asiyekuwapo mezani inapojadiliwa, yaani kijana wa Kasulu, wa Kibondo na wa Kakonko anayemsubiri mwalimu.

Ugonjwa wa wengine

Kabla ya kumeza dawa, mwenye akili huuliza kwanza dawa hiyo ilitengenezwa kwa ugonjwa gani. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 ilifuta umri wa lazima wa kustaafu kwa wafanyakazi karibu wote. Maprofesa wenye ajira ya kudumu waliachwa nje ya sheria hiyo kwa muda, na vyuo vikaendelea kuwastaafisha wakifikia miaka 70. Muda huo ulikwisha tarehe 31 Desemba, 1993. Tangu siku iliyofuata, profesa wa Marekani mwenye ajira ya kudumu hawezi kuambiwa aondoke kwa sababu ya umri. Akitaka kufundisha hadi miaka 80, atafundisha. Ndipo vyuo vilipolazimika kumbembeleza kwa fedha, na mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo likapitisha kifungu cha kuviruhusu waziwazi vyuo kutoa malipo ya aina hiyo yanayotazama umri wa mwalimu.

Hata kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha California, kilipobanwa na upungufu wa fedha za serikali ya jimbo, kiliendesha mipango mitatu ya kustaafisha watu mapema, na kufikia mwaka 1994 takriban walimu 2,000 wa vyeo vya kudumu walikuwa wameondoka. Fedha zilizotumika zilitoka katika mfuko wa pensheni ambao wakati ule ulikuwa umefurika. Na baadhi ya wale waliolipwa waondoke waliitwa tena kufundisha kwa muda, kwa sababu wanafunzi walikuwa bado wapo madarasani.

Uingereza nayo ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilipunguza ruzuku ya vyuo vikuu kwa ukali usiopata kuonekana. Chuo cha Salford peke yake kilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya ruzuku yake. Walimu hawakuweza kufukuzwa kwa urahisi kwa kuwa ajira yao ililindwa na hati za vyuo, hivyo wakanunuliwa. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1988, serikali hiyo iliondoa ulinzi huo kwa kila mwalimu aliyeajiriwa au kupandishwa cheo baada ya tarehe 20 Novemba, 1987. Kwa maneno mengine, walianza kwa kumlipa mwalimu aondoke, wakamalizia kwa kuhakikisha kwamba siku nyingine hawatahitaji kumlipa.

Sasa tujiulize: ugonjwa huo tunao sisi? Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikia miaka 55, na hana budi kustaafu akifikia miaka 60. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa, sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ili waweze kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 60 na kwa lazima wakiwa na miaka 65. Kwetu hakuna profesa wa miaka 80 aliyekwama katika kiti cha ajira ya kudumu huku chuo kikishindwa kumwondoa. Kalenda inamwondoa bure. Kumlipa mtu fedha ili afanye leo jambo ambalo sheria itamtaka alifanye kesho kutwa bila malipo, ni kununua maji mtoni.

Zaidi ya hayo, marekebisho ya mwaka 2018 yalifanywa kwa sababu taifa lilitambua kwamba watu wa ngazi hizo ni wachache, na kwamba kila anayeondoka huacha pengo lisilozibika upesi. Haiwezekani taifa liseme mwaka mmoja kwamba walimu hawa hawatoshi, kisha litoe hazina yake kuwalipa waondoke. Mwenye shamba hawezi kuongeza siku za kulima huku akiwalipa wakulima wake warudi nyumbani.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Profesa hachipuki kama uyoga baada ya mvua. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai, 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea. Katika miaka hiyo nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Mkulima wa Kasulu, aliyekuwa amezoea kuona vijana wake wakichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya mkoloni, alilipa kodi yake ili kijana mmoja wa mahali fulani apelekwe kusoma shahada, kisha shahada ya pili, kisha ya uzamivu, mara nyingi ng'ambo.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kukiletea kijiji chakula. Asiporudi, ni msaliti. Na hakuyaacha maneno hayo yawe maneno tu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kuyapinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na mishahara ya viongozi wa juu wa serikali. Unaweza kubishana juu ya ukali wa hatua hiyo. Lakini kanuni iliyokuwa ndani yake haijachakaa: elimu iliyogharimiwa na wengi ina deni kwa wengi.

Kutoka shahada ya kwanza hadi cheo cha profesa haipungui miaka kama ishirini ya kusoma, kufundisha, kutafiti na kuandika. Miaka mitano ya mwisho ya kazi ya mtu huyo ndiyo miaka ambayo umma unavuna kile ulichopanda. Ndiyo miaka anayosimamia tasnifu za wahadhiri wasaidizi, anayojua ni jaribio gani lilishindwa mwaka gani na kwa nini, anayoweza kumwambia kijana, "Njia hiyo tuliipita, ina shimo." Motisha ya kuondoka inakusudia kuikata miaka hiyo hasa. Ni sawa na kuufyeka mgomba ukiwa na mkungu uliokomaa kwa hoja kwamba machipukizi yanahitaji nafasi.

Hesabu isiyosemwa

Wanaoitetea motisha hii hupenda kusema kwamba ni nafuu. Basi na tuhesabu, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu, watumishi na walimu, wanaijua hesabu ya kikokotoo kuliko wengine wote.

Kikokotoo kilichoanza kutumika mwezi Julai 2022 kinachukua miezi ya utumishi, kinaigawa kwa 580, na kuizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Malipo ya mkupuo, yaliyokuwa asilimia 33, yalipandishwa mwaka 2024 kuwa asilimia 40 kwa wale ambao zamani mifuko yao iliwapa asilimia 50. Sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi. Mkupuo wenyewe hupigwa kwa kipimo cha miaka 12.5.

Tuchukue tarakimu nyepesi ya kuhesabia: mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake ni Sh. 1,000,000 kwa mwezi. Akimaliza miezi 360 ya utumishi, mkupuo wake utakuwa kiasi cha Sh. 37,240,000 na pensheni yake kiasi cha Sh. 372,000 kwa mwezi. Akiondoka miaka mitano kabla, akiwa na miezi 300, mkupuo utashuka hadi kiasi cha Sh. 31,030,000, na pensheni hadi kiasi cha Sh. 310,000 kwa mwezi. Kwa hiyo amepoteza zaidi ya Sh. milioni 6 za mkupuo, na kiasi cha Sh. 62,000 kila mwezi kwa maisha yake yote.

Juu ya hasara hiyo kuna mishahara ya miezi 60 ambayo hakuipata, yaani Sh. milioni 60. Toa pensheni atakayoipokea katika miezi hiyo hiyo, ambayo haizidi Sh. milioni 19, inabaki zaidi ya Sh. milioni 41. Ongeza pengo la mkupuo. Jumla inakaribia Sh. milioni 48, bila kugusa yale mapunjo ya kila mwezi ya miaka ya baadaye, wala makato ya kodi na michango. Ili mtu huyu asipate hasara kwa kuondoka mapema, ingebidi apewe fungu lisilopungua mishahara ya miezi 47. Taifa litatoa mishahara ya karibu miaka minne, na kwa malipo hayo halitapata hata saa moja ya kufundishwa. Na bado litahitaji kumwajiri na kumlipa mtu wa kushika nafasi yake.

Watetezi watajibu kwamba si lazima fungu liwe kubwa kiasi hicho. Vema. Lakini likiwa dogo, ni nani atakayelipokea? Profesa anayetegemea mshahara wake na kazi yake hatakubali, kwa kuwa anajua kuhesabu. Atakayekubali ni yule aliyekwisha kupata kazi pengine: katika shirika la kimataifa, katika chuo cha nchi nyingine, katika kampuni ya ushauri. Mhandisi anayegombewa na makampuni ataondoka, na daktari anayegombewa na hospitali binafsi ataondoka. Atakayebaki ni yule asiyegombewa na mtu. Hivyo motisha iliyokusudiwa kuwaondoa waliochoka itawaondoa walio bora, na waliochoka watabaki palepale wakisubiri miaka 65.

Tumekwisha kuona

Jambo hili hatulisemi kwa kubahatisha. Katika miaka ya tisini nchi yetu ilipita katika mageuzi ya utumishi wa serikali yaliyosukumwa na wakopeshaji. Watumishi waliokuwa zaidi ya 350,000 mwaka 1992 walipunguzwa hadi chini ya 280,000 kabla ya muongo huo kwisha. Maelfu walipewa viinua mgongo vyao na kuagwa. Katika wilaya nyingi watu bado wanakumbuka jinsi fedha za mkupuo zilivyokwenda: duka lililofungwa baada ya mwaka, gari la abiria lililokufa njiani, nyumba iliyosimama katika lenta. Wakati huo huo ajira mpya zilizuiwa.

Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 1994 mpango wao wa kustaafu mapema kwa hiari, uliowalenga watumishi wa ngazi za chini. Miaka 15 baadaye, mwaka 2009, serikali hiyo hiyo ya Kenya iliupandisha umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Ilikuwa imewalipa watu waondoke mapema. Kisha ikatunga utaratibu wa kuwataka watu wakae zaidi. Asiyejifunza kwa jirani atajifunza kwa hasara yake.

Katika vyuo vyetu kufungwa kwa ajira katika miaka ya tisini kuliacha jeraha ambalo halijapona. Juu walikuwapo walimu waliosomeshwa katika miaka ya sitini na sabini. Chini wakaja vijana waliochukuliwa vyuo vilipopanuka katika miaka ya elfu mbili, Chuo Kikuu cha Dodoma kikifunguliwa mwaka 2007. Katikati pakabaki pengo. Rika ambalo leo lingepaswa kuwa maprofesa wengi liliingia vyuoni kwa uchache mno, na baadhi ya waliokuwapo walikwenda kufundisha Botswana na Afrika ya Kusini kutafuta unafuu. Kuitumia motisha ya kuondoka katika vyuo vyenye pengo la namna hii ni kung'oa nguzo ya juu wakati ya kati haijasimikwa.

Kijana na kiti

Hoja moja ya upande wa pili inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa ndani yake mna uchungu wa kweli. Ni hoja ya vijana. Wapo wahitimu wenye shahada za uzamili, wengine hata za uzamivu, ambao hawana ajira. Na wapo wahadhiri wasaidizi waliokaa katika ngazi moja miaka mingi. Wanaambiwa kwamba mzee akiondoka watapata nafasi.

Kijana anayeamini hivyo hajaelezwa ukweli. Nafasi ya mzee katika utumishi wa umma hairithiwi kama shamba la ukoo. Akiondoka profesa, chuo huomba kibali cha ajira, na kibali kinategemea bajeti. Mwezi Juni 2016 serikali ilipozisimamisha ajira ili kuhakiki vyeti na kuwaondoa watumishi hewa, wazee waliendelea kustaafu kila mwezi, na vijana waliendelea kukaa nje. Mlango ulifungwa na uamuzi wa ajira, wala haukuzibwa na mgongo wa profesa. Na fedha ambayo ingemwajiri kijana ikitumika kumpa mzee mkupuo wa kumuaga, kijana amenyang'anywa mara mbili: amekosa ajira, na amekosa mwalimu wa kumsimamia.

Hata hivyo, haki haitatendeka tukiwalaumu wenye mahesabu peke yao na kuwaacha maprofesa bila kuwaambia neno. Wapo miongoni mwao waliojenga ukuta. Wapo wanaoshika ukuu wa idara miaka nenda miaka rudi kana kwamba ni uchifu. Wapo wanaolikimbia darasa la mwaka wa kwanza na kumwachia mhadhiri msaidizi, wao wakiwa katika semina za posho. Wapo wanaokaa na tasnifu ya mwanafunzi mezani miezi sita bila kuisoma, na wanaoyatoa yale maandishi waliyoyaandika zamani, karatasi zikiwa zimegeuka rangi, wakiyasoma neno kwa neno. Watu hawa wanaipa nguvu hoja ya kuwaondoa wote. Walakini dawa ya mwalimu asiyefundisha ni kumtaka afundishe au kumwajibisha, kama anavyowajibishwa mwalimu wa shule ya msingi anapoliacha darasa. Kumpa mzembe fungu la fedha ili aondoke ni kuutunuku uzembe. Watakaotazama watajua kwamba njia ya kupata mkupuo ni kuacha kufanya kazi mpaka uonekane mzigo.

Na mwenye kuchoka kwa haki, aliyezidiwa na maradhi au na umri, njia anayo tayari. Sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari miaka mitano kabla ya ukomo, na inamruhusu kustaafu kwa sababu za afya. Haki hiyo iheshimiwe, na malipo yake yasicheleweshwe.

Mwalimu wa Makere atasemaje?

Lipo suala la usawa, nalo ndilo zito kuliko yote. Jirani na kambi ya Nyarugusu iko Makere, na katika Makere kuna shule za msingi za watoto wetu. Mwalimu wa huko anafundisha darasa lililojaa, anaandika ubao mzima kwa mkono kwa kuwa vitabu havitoshi, na atastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 kwa kikokotoo kile kile tulichokitaja. Mwaka 2018 kikokotoo kipya kilipotangazwa, kelele yake na ya wenzake ndiyo iliyofanya utaratibu ule usimamishwe mwezi Desemba mwaka huo. Na kilipoanza mwaka 2022 aliendelea kudai mpaka asilimia 33 ikapanda. Kila shilingi ya nafuu aliyoipata ameipata kwa kudai.

Leo mtu amweleze mwalimu huyo kwamba fedha za kumwongezea pensheni hazipo, lakini fedha za kumwaga profesa mapema zimepatikana. Atasemaje? Atasema, na atakuwa na haki, kwamba tumeanza kujenga tabaka la watu ambao wakifanya kazi wanalipwa zaidi na wakiacha kazi wanalipwa zaidi. Nchi iliyotoa Azimio la Arusha mwaka 1967 haiwezi kuliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Fedha hizo zina kazi

Kupinga pasipo kupendekeza ni kazi rahisi. Ikiwa kweli hazina ina fungu la kutumia kwa ajili ya maprofesa walio karibu kustaafu, litumike kwa njia zifuatazo.

Kwanza, kila profesa anapobakiwa na miaka mitatu kabla ya ukomo wake, chuo kipewe kibali cha kuajiri kijana atakayefanya kazi chini yake kwa miaka yote hiyo mitatu: kufundisha naye, kutafiti naye, kuandika naye. Siku mzee anapokabidhi ufunguo, aliyeupokea awe anaijua nyumba. Gharama ya mshahara wa kijana kwa miaka mitatu itakuwa ndogo kuliko fungu la kumwaga mzee, nayo itaacha mtu, ambapo fungu litaacha kiti kitupu.

Pili, uongozi wa idara uwe wa vipindi vyenye mwisho, na kupandishwa cheo kwa profesa kutazame pia idadi ya vijana aliowafikisha katika shahada ya uzamivu. Mti mkubwa upimwe kwa miche iliyo chini yake.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wa nyanda za juu za Kigoma hasa, pawe na utaratibu wa hiari wa kuwaleta mikoani maprofesa wenye nguvu wanaostaafu, kwa mikataba mifupi na makazi ya staha. Kwa miongo mingi kijana wa Buha aliyetaka shahada alipanda gari moshi pale Kigoma kuelekea Morogoro na Dar es Salaam, na wengi wakishapanda hawakurudi. Sasa mambo yanabadilika. Mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umeingiza ndani yake ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mkoani Kigoma. Kuta zinajengwa kwa saruji, na saruji inauzwa dukani. Mwalimu wa anatomia hauzwi dukani. Itakuwa aibu isiyoelezeka kumlipa bingwa akae nyumbani Dar es Salaam, kisha tuwaonyeshe vijana wa Kigoma maabara yenye vifaa vipya isiyo na wa kuifundishia.

Vivyo hivyo Chuo cha Ualimu Kasulu na cha Kabanga vinaandaa walimu watakaokwenda hadi vijiji vya mpakani. Profesa wa hisabati au wa Kiswahili akikaa hapo miaka miwili tu baada ya kustaafu, akiwafundisha wakufunzi namna ya kufundisha, faida yake itafika Makere, Kibondo na Kakonko kabla ya ripoti yoyote ya tume haijapigwa chapa.

Nne, kilichobaki katika fungu hilo kiingie katika pensheni ya watumishi wote. Mtumishi asiyeogopa kustaafu hahitaji kununuliwa ili astaafu. Wengi wanaong'ang'ania kiti hadi dakika ya mwisho wanakiogopa kikokotoo, na hofu hiyo haipo kwa maprofesa peke yao.

Ndugu walimu na watumishi, hoja ya kumlipa mwalimu aondoke itarudi tena na tena, kwa kuwa imevaa nguo nzuri ya utaalamu na inazungumza lugha ya kubana matumizi. Itakaporudi, tuikabili kwa maswali matatu. Atakayeondoka ni nani, mchovu au bora? Nafasi yake itajazwa kwa kibali kipi, na lini? Na fedha hiyo ingefanya nini kama ingepelekwa mahali ambapo hakuna mwalimu kabisa? Anayeshindwa kuyajibu maswali hayo hana haki ya kuugusa mfuko wa umma.

Nchi yenye walimu wa kutosha inaweza kuanza kufikiri jinsi ya kuwapunguza. Yetu bado inawatafuta. Hadi siku watoto wa Kasulu watakapokuwa na walimu wa kuwatosha, kutoka darasa la kwanza hadi shahada ya uzamivu, kila shilingi ya motisha iwe ya kumleta mwalimu, na isiwepo hata moja ya kumtoa.